Masomo Yakikutana: Historia ya Ufundishaji Mtambuka, Tanzania na Uingereza

Katika mikutano ya chama chetu mwaka huu limezuka swali ambalo bado halijapata jibu. Baadhi ya wanachama wanapendekeza madarasa ya Kiswahili yaunganishwe na yale ya historia, siasa na jiografia ya Afrika Mashariki, ili mwanafunzi ajifunze lugha na mambo ya wenye lugha kwa pamoja. Wengine wanapinga. Wanasema saa za Kiswahili kwa wiki ni chache mno, ngeli peke yake zinatosha kumtoa mtu jasho, na tukianza kuchanganya masomo mwanafunzi atatoka na nusu ya lugha na nusu ya historia.

Hoja zote mbili zina uzito. Lakini swali hili si geni. Limeshaulizwa Tanganyika wakati wa ukoloni, likaulizwa tena Tanzania baada ya Azimio la Arusha, na likaulizwa hapa Uingereza katika mwaka huohuo. Majibu yaliyotolewa wakati huo, pamoja na matokeo yake, yanaweza kutusaidia kuamua. Ndiyo maana katika makala haya tunapitia historia hiyo kabla ya kutoa maoni yetu.

Kwanza tueleze maana. Kwa "ufundishaji mtambuka" tunakusudia kufundisha jambo moja kupitia masomo zaidi ya moja, walimu wakiwa wamepanga pamoja na wanafunzi wakijua kwamba masomo hayo yanahusiana. Mwalimu wa Kiswahili kumtaja Sultani Seyyid Said katika sentensi ya mfano hakutoshi kuitwa ufundishaji mtambuka. Kunakotakiwa ni kuhusianisha masomo kwa makusudi, kila somo likitoa mchango ambao somo jingine halina.

Maarifa kabla ya ratiba

Watu wa pwani walijua jambo hili kabla ya kengele ya shule kuanza kuyagawa maarifa katika vipindi vya dakika 40. Tuchukue mfano wa kalenda ya Nairuzi, ambayo jina lake limetoka katika Kiajemi na maana yake ni siku mpya. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, nao una siku 354 au 355. Kwa hiyo kila mwaka hutangulia mwaka wa jua kwa siku kama 11, na baada ya miaka mitatu tofauti hiyo hupita mwezi mzima. Kwa ibada hilo halina tatizo. Kwa nahodha na mkulima ni tatizo kubwa, kwa sababu pepo na mvua hufuata jua.

Mabaharia na wakulima wa pwani kwa hiyo walitumia pia mwaka wa jua wenye siku 365, wakiuhesabu kuanzia Nairuzi kwa mafungu ya siku kumikumi yaliyoitwa miongo. Nahodha aliyefika Zanzibar kwa kaskazi alitakiwa kujua ni mwongo wa ngapi kusi litakuwa limetulia kiasi cha kumrudisha Maskati salama. Ndani ya hesabu hiyo kuna hisabati, elimu ya nyota, jiografia, biashara na dini. Kuna lugha pia: neno "mwongo" ambalo leo tunalitumia kwa miaka kumi lilitumika huko kwa siku kumi, na majina ya pande za dunia, kaskazini na kusini, yametokana na majina ya pepo hizo mbili. Sherehe ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi, Unguja, ni kumbukumbu iliyo hai ya kalenda hiyo.

Hatusemi kwamba elimu ya zamani haikuwa na upungufu. Tunasema tu kwamba wazo la kuyaunganisha maarifa halikuletwa kwetu na wataalamu wa mitaala. Kilicholetwa na shule ya kisasa ni ukuta kati ya somo na somo. Ukuta huo una faida yake, maana ndio uliowezesha mtu kuzama katika jambo moja mpaka chini. Una gharama yake pia.

Malangali: kuunganisha kwa nia gani?

Mwaka 1928 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilifungua shule ya Malangali, Iringa, chini ya uongozi wa W. Bryant Mumford. Wakati huo Gavana Donald Cameron alikuwa akiimarisha utawala wa kupitia machifu, na fikra iliyotawala miongoni mwa wataalamu wa elimu ya makoloni ni kwamba shule zisiwatenge vijana na jamii zao. Mumford aliitekeleza fikra hiyo kwa bidii. Alitaka maisha ya shule yafanane na maisha ya nyumbani, na wazee wa kienyeji wakaletwa kufundisha mila, historia na ngoma za makabila yao kando ya masomo ya kawaida.

Ukiitazama Malangali kwa juu juu, utaisifu. Mzee wa Kihehe kuingia darasani kama mwalimu, katika miaka ambayo wengi walidhani Mwafrika hana historia, halikuwa jambo dogo. Lakini tujiulize: nani aliyeamua kwamba vijana hao wanahitaji elimu ya namna hiyo, na ilikusudiwa kuwafikisha wapi? Watoto wa wakoloni hawakufundishwa kwa mpango huo. Njia ya kupata ajira yenye mshahara mzuri ilipita kwenye Kiingereza, hesabu na cheti, na Waafrika walijua hivyo. Elimu "iliyofaa mazingira yao" iliweza pia kuwa elimu ya kuwaweka palepale walipo.

Hili ndilo funzo la kwanza. Kuunganisha masomo na maisha ya mwanafunzi kunaweza kumfungulia mlango, na kunaweza kumfungia. Tofauti iko katika swali moja: je, anayefundishwa hivyo anapata elimu pana kuliko mwenzake, au anapewa kidogo kikiwa kimepambwa?

Mwaka 1967 Dar es Salaam

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na wanafunzi 490,000 wa shule za msingi na 11,832 tu wa sekondari. Kufikia 1967 idadi zilikuwa zimepanda hadi 825,000 na 25,000. Pamoja na ongezeko hilo, ni takriban asilimia 13 tu ya waliomaliza shule ya msingi waliotarajiwa kupata nafasi ya sekondari. Elimu ya msingi ilikuwa kama foleni ndefu mbele ya mlango mwembamba, na waliobaki nje walihesabiwa, nao walijihesabu, kuwa wameshindwa.

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Aghalabu waraka huu hukumbukwa kwa jembe na shamba la shule. Lakini ukisomwa kwa makini, ni waraka wa ufundishaji mtambuka. Mwalimu hakusema tu kwamba wanafunzi walime. Alieleza kwamba sifa za mbolea zifafanuliwe katika kipindi cha sayansi, kisha wanafunzi waone shambani zinavyofanya kazi na mipaka yake. Malisho ya mifugo, matuta na hifadhi ya udongo vifundishwe kwa nadharia wakati uleule vinapotendwa. Hesabu za mapato na matumizi ya shamba ziingie katika somo la hesabu, na wanafunzi washiriki kuamua mapato yatumike vipi. Shamba lilikusudiwa kuwa mahali pa masomo kukutana.

Alitaka pia uzito wa mtihani upunguzwe. Hilo lilikuwa sharti la msingi, kwani mtihani unaouliza masomo mbalimbali kila moja peke yake hauwezi kupima kijana anavyoyatumia kwa pamoja.

Nini kilitokea? Mashamba yalianzishwa nchi nzima. Lakini katika shule nyingi shamba lilibaki shamba na darasa likabaki darasa. Asubuhi mwalimu wa sayansi alifundisha mbolea ubaoni, na jioni mwalimu wa zamu alisimamia palizi, wala wawili hao hawakukaa pamoja kupanga. Mahali pengine jembe likageuka adhabu ya mtoro na mchelewaji, hivyo mwanafunzi akajifunza kwamba kulima ni malipo ya kosa, kinyume kabisa cha lengo.

Mtihani wa Darasa la Saba nao uliendelea kuwa ndio mlango wa sekondari. Mzazi aliyelalamika kwamba mwanawe analima badala ya kusoma hakuwa mvivu wala mpinga ujamaa. Alikuwa ameusoma mfumo vizuri. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 maendeleo ya kila siku na kazi za mikono vilianza kuhesabiwa katika alama za sekondari, na shule zikapewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu. Lakini azimio hilohilo lilisogeza mbele lengo la elimu ya msingi kwa wote hadi 1977. Madarasa yakajaa, na walimu wengi wapya wakaandaliwa kwa haraka. Kumtaka mwalimu mwenye mafunzo mafupi na darasa lililofurika awe pia mtunzi wa mtaala mpya lilikuwa jambo zito mno.

Mwaka 1967 London

Miezi miwili kabla ya Elimu ya Kujitegemea, yaani Januari 1967, ilichapishwa hapa Uingereza ripoti ya shule za msingi iliyoongozwa na Lady Plowden. Nayo ilishauri kwamba kujifunza kwa mtoto mdogo hakufuati mipaka ya masomo, na kwamba mada moja, kwa mfano mto au soko, inaweza kuzaa kusoma, kuandika, kuhesabu, kuchora na kupima.

Sababu za nyaraka hizi mbili zilikuwa tofauti. Plowden alianzia kwa mtoto: udadisi wake na hatua zake za kukua. Nyerere alianzia kwa jamii: taifa maskini la wakulima lisilotaka kuzalisha tabaka la wasomi wanaowadharau wazazi wao. Lakini zote mbili zilifika mahali pamoja, nazo zikapata majaribu yanayofanana.

Uingereza nako walimu wengi hawakuandaliwa. Ilipofika 1978, uchunguzi wa wakaguzi wa shule ulionyesha kwamba ufundishaji wa kiugunduzi uliosifiwa na kulaumiwa sana ulikuwa umeenea katika madarasa machache tu. Wakosoaji walipata pia mifano ya mada dhaifu, ambapo mtoto alichora mto kwa wiki tatu bila kujifunza jiografia yoyote. Mwaka 1976 Waziri Mkuu James Callaghan alianzisha mjadala wa kitaifa juu ya viwango vya elimu, na Sheria ya Elimu ya 1988 ikaleta Mtaala wa Taifa uliopangwa kwa masomo. Miaka miwili baadaye zikaongezwa mada tano mtambuka, zikiwemo mazingira, afya na uraia. Mada hizo zilififia haraka kwa sababu shule zilipimwa kwa masomo, na kisichopimwa kikasogezwa pembeni. Ripoti ya Jim Rose ya 2009 ilipendekeza maeneo sita mapana ya kujifunza, lakini serikali iliyoingia madarakani mwaka uliofuata haikuufuata mpango huo. Uskoti na Wales wameendelea kwa njia yao: Uskoti tangu 2010 na Wales tangu 2022 wana mitaala inayotoa nafasi rasmi kwa masomo kukutana.

Aliyetueleza vizuri zaidi kwa nini mambo haya ni magumu ni mwanasosholojia Basil Bernstein wa Taasisi ya Elimu ya London. Katika makala yake ya 1971 alionyesha kwamba mpaka kati ya masomo ni pia mpaka wa mamlaka. Mwalimu wa fizikia amelelewa kuwa mtu wa fizikia; heshima yake, idara yake na saa zake vimejengwa juu ya mpaka huo. Ukiuondoa, umegusa nafasi yake. Kwa hiyo anayependekeza masomo yaunganishwe anabadilisha mahusiano ya watu kazini, na hilo haliwezi kufanywa kwa waraka peke yake.

Mfano wa karibu: Kiswahili mseto nchini Kenya

Wanachama wetu waliosoma sekondari Kenya wanajua mfano mwingine. Mtaala uliorekebishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulitaka Kiswahili kifundishwe kwa mbinu ya mseto: lugha na fasihi zisitenganishwe. Riwaya itumike kufundishia sarufi, na sarufi imsaidie mwanafunzi kuielewa riwaya. Lakini mtihani wa KCSE ulibaki na karatasi tatu: insha, lugha na fasihi. Ni rahisi kuona mwalimu anayekaribia mitihani ataelekea wapi. Atafundisha karatasi.

Hatutaji hili kuwalaumu walimu. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha kanuni ileile iliyoonekana Dar es Salaam na London: mtihani ndio mtaala wa kweli. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini humo mwaka 2019 unawataka walimu waonyeshe uhusiano wa kila mada na masomo mengine, na upimaji wake ndio utakaoamua kama uhusiano huo utabaki hai au utabaki kwenye andalio la somo tu.

Faida ziko wapi?

Baada ya kasoro zote hizo, msomaji anaweza kuuliza kwa nini tuendelee kulitetea jambo hili. Tunalitetea kwa sababu ufundishaji mtambuka ulipofanywa kwa uangalifu ulitoa matunda ambayo somo lililojitenga haliyatoi.

John Dewey, aliyefungua shule yake ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896, alieleza jinsi watoto walivyopewa pamba na sufu kama zinavyotoka shambani na kwa kondoo. Kundi moja lilifanya kazi nusu saa kutenganisha nyuzi za pamba na mbegu zake, likapata chini ya wakia moja. Baada ya hapo watoto walielewa kwa mikono yao kwa nini watu wa kale walivaa sufu zaidi ya pamba, na kwa nini mashine ya kuchambua pamba ilibadilisha uchumi. Historia, sayansi na uchumi viliingia kwa mlango mmoja, na hakuna mtoto aliyehitaji kukariri.

Kwa mwanafunzi, basi, faida ya kwanza ni maana: anajua kwa nini anajifunza jambo. Faida ya pili ni kumbukumbu, kwa kuwa wazo lililokutwa mahali patatu hushikika kuliko lililokutwa mara moja. Ya tatu ni uwezo wa kuhamisha maarifa kutoka mahali yalipofundishwa kwenda mahali yanapohitajika. Kwa mwanafunzi wa lugha kuna faida ya nne: neno linapata mwili. Anayejifunza neno "karafuu" katika orodha ya msamiati ana neno moja. Anayelijifunza pamoja na historia ya mashamba ya Unguja na Pemba, watumwa waliofanyishwa kazi humo na kimbunga cha 1872 kilichong'oa mikarafuu ya Unguja, anapata msamiati mzima wa kilimo, biashara na dhuluma, na hausahau upesi.

Kwa walimu faida hazisemwi sana, lakini zipo. Mwalimu anayepanga na mwenzake hujua wanafunzi wameshafundishwa nini, hivyo harudii bila sababu. Huona namna nyingine ya kuuliza maswali. Mhadhiri wa historia huletewa vyanzo vya Kiswahili ambavyo wanafunzi wake wasingevigusa, na mhadhiri wa lugha hupata matini za kweli badala ya mazungumzo ya kubuni ya hotelini. Tena mzigo wa maandalizi, ambao mwanzoni huongezeka, hupungua kila mpango unaporudiwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maoni yetu

Tukirudi kwenye mjadala wa chama, historia tuliyoipitia inatupa masharti manne. Kuunganisha kusimpunguzie mwanafunzi kina cha somo lolote. Hilo ni funzo la Malangali. Walimu wapewe muda wa kupanga pamoja, unaotambuliwa kuwa ni kazi. Hilo ni funzo la shamba la shule. Kinachounganishwa kipimwe kikiwa kimeunganishwa. Hilo ni funzo la mada mtambuka za Uingereza na la karatasi tatu za KCSE. Na mipaka ya masomo isivunjwe yote kwa siku moja, kwa sababu ndani yake wanaishi watu na heshima zao.

Kwa hiyo tunapendekeza mwanzo mdogo. Vipindi vya sarufi vibaki kama vilivyo. Wanaohofia ngeli wana haki yao. Lakini kila muhula ichaguliwe mada moja itakayofundishwa kwa wiki tatu na wahadhiri wawili, wa lugha na wa somo jingine. Mada ya kwanza inaweza kuwa kalenda ya Nairuzi na safari za majahazi: wiki ya kwanza msamiati wa pepo na bahari na viambishi vya mahali, wiki ya pili ramani, misimu na hesabu ya miongo, wiki ya tatu historia ya biashara kati ya pwani, Oman na Bara Hindi. Mwishoni mwanafunzi aandike insha moja ya Kiswahili isahihishwe na wahadhiri wote wawili, mmoja akitazama lugha na mwingine hoja, na alama zake ziingie katika matokeo ya madarasa yote mawili.

Baada ya mihula miwili tukutane tulinganishe insha hizo na za miaka iliyopita. Kama lugha imedhoofika, waliopinga watakuwa wametuonyesha jambo, na mpango usimamishwe. Kama lugha imesimama na hoja zimeongezeka uzito, mada ya pili ifuate. Tunawaomba wahadhiri wetu walifikirie pendekezo hili kabla ya ratiba ya mwaka ujao kupangwa, na tunawakaribisha wanachama wenye maoni tofauti wayaandike katika toleo lijalo.